Ratili Nne

Kwetu hatusemi uongo. Tunatia chumvi,
na haki hiyo tunayo: tuliiuza kwa mapipa.

Shangazi Philura, aliyekula chumvi miaka tisini na mmoja,
alinisimulia akiwa na soksi ya kufuma mapajani:
babu yetu Lemuel Garrow alishuka bonde la Kanawha
na nyumbu kipofu, na Biblia, na njaa.
Akaona kulungu wanalamba tope kando ya mto.
Akachovya kidole, akalamba naye.
Akalia.
Kisha akachimba, peke yake, kwa mikono yake.

(Hapo, Shangazi, kijiko kilikuponyoka.)

Maana daftari lake ninalo mimi.
Jalada la ngozi, kurasa zimevimba unyevu,
na ukizilamba hata leo (nimezilamba) zinajibu.
Mwaka 1817, wino umegeuka kutu:
*Isom, wa kukodi, mali ya mjane Tolliver wa mashariki,
dola mia na ishirini kwa mwaka, nguo juu yangu.*
Chini yake: *Nyumbu, mmoja.*
Chini yake: *Sufuria za chuma, arobaini.*

Isom ndiye aliyeingizwa ndani ya gogo lenye uwazi,
gogo nene lililosimamishwa wima mchangani,
afukue ardhi chini ya nyayo zake mwenyewe
nalo gogo lizame pamoja naye,
majira yote ya baridi, maji yakimfika kiunoni,
mpaka mwamba.
Kisha mwamba nao, kwa patasi na mti wa kupinda,
inchi tatu kwa siku, siku nyingine moja.
Aliyeonja kwanza ni yeye.
Daftari halisemi kama alilia.

Baada ya hapo, utajiri.
Tanuri zikala misitu ya mlima mzima,
misitu ilipokwisha zikala makaa ya mawe,
moshi ukakaa bondeni kama mgeni asiyejua kuaga.
Permelia, mke wa Lemuel, alianika shuka nyeupe
akaanua za kijivu.
Alizaa saba, akazika wanne.
Keziah, wa miaka mitatu, alitumbukia sufuriani.
Hili Shangazi hakulitia kitu. Alilisema haraka,
kisha akarudi kuhesabu mishono.

Wanawe wawili, Asbury na Volney,
walishtakiana miaka kumi na mmoja
wakigombea maji yasiyonyweka.
Wakili akajenga nyumba ya matofali.

Halafu Septemba ile ya vita, mto ukapanda.
Mapipa elfu nne yaliyosubiri kwenda kwa wachinja nguruwe wa Cincinnati
yakayeyuka ghalani usiku mmoja,
chumvi ikarudi majini bila kuaga mtu.
Ng'ombe wa wilaya tatu za chini, asema Shangazi,
walikunywa mto juma zima wakiramba midomo.
(Kijiko kizima, hicho.)

Sufuria ya mwisho iko uani kwangu.
Nimepanda mnanaa humo mara tano.
Haushiki.

Mwezi uliopita alikuja Verlene Isom,
nesi mstaafu kutoka Ohio;
jina la kwanza la yule mtu ndilo la mwisho kwake.
Hakuja kutafuta samahani. Nilikuwa nimeiandaa,
ikabaki mdomoni kama kipande cha mkate mkavu.
Alitaka tarehe.

Nikakaanga mayai. Daftari tukaliweka kati ya sahani.
Kuzaliwa kwake: hakuna.
Kufa kwake: hakuna.
Alikula chumvi miaka mingapi, hakuna aliyehesabu.
Ila ukurasa wa sitini, Desemba, duka la kiwandani,
mwandiko wa Lemuel, mzuri, umelala upande:

*Isom. Chumvi, ratili nne.
Senti kumi na mbili. Anadaiwa.*

Verlene akausoma mstari huo mara mbili,
ya pili kwa kidole.
Akakisukuma kikopo upande wangu wa meza
akala mayai yake hivyo hivyo,
polepole, mpaka yakaisha.