Orodha kwenye Mlango wa Friji

Januari, Hamilton. Theluji imeziba kidirisha cha jikoni
nami niko wiki ya saba tangu wanipasue.
"Tumbo lako sasa ni yai," alisema daktari,
akakunja ngumi nusu kunionyesha.
Nyumba yangu haina mlango, nikamjibu kimoyomoyo,
na kitendawili kikakosa mteguzi.

Bi Kowalchuk wa lishe anataka malengo ya mwaka.
"Andika, lakini usiandike kilo.
Kilo ni habari za mizani. Andika habari zako."
Nikaazima kalamu ya Tunu, ile ya wino wa zambarau,
nikabandika karatasi kwenye friji
ambayo siku hizi naifungua kama nabisha hodi.

Moja: kufunga kamba za viatu bila kubana pumzi.
Mbili: kuketi nimepishanisha miguu,
kama yule mama wa basi la saa kumi na moja alfajiri.
Tatu: kushuka vituo viwili kabla ya kazini, nitembee.
Nne: ngazi za chuma za kupandia Mlimani
(wenyeji wanauita mlima; mimi mtoto wa Uluguru nacheka),
vidato vyote, bila kushika chuma.
Tano sikuiandika. Niliweka namba, nikaweka nukta.

Machi, nywele zinabaki kwenye kitana.
Mama ananitazama kwenye simu, anaisogeza karibu,
naona pua yake tu.
"Mashavu yamekwenda wapi? Huko hamli?"
Kwetu kunawiri ndiko habari njema;
ukikonda, majirani wanaulizana kwa sauti ya chini.
Nikamwambia nimekatwa tumbo, kwa hiari yangu.
Akanyamaza hata nikadhani mtandao umekatika.
Kisha: "Na chai unakunywa?"
Nakunywa, mama. Kijiko, halafu kijiko.

Mei nilifunga kamba. Kituoni, nimeinama,
pumzi ikiingia na kutoka kama kawaida yake.
Nikazifungua, nikazifunga tena.
Basi likaja, likaondoka.

Julai, ngazi: vidato mia na kumi, magoti yakagoma.
Mzee mmoja wa fulana ya njano alinipita akipanda,
akanipita akishuka, akasema, "Umekaribia."
Mwongo.
Nikaketi pale pale. Chini viwanda vilikuwa vinafuka,
na ziwa limelala nyuma yake, halina haraka na mtu.
Nikarudi nyumbani nikaandika: 110.
Agosti nikaandika: 96.
Ndiyo, zilipungua. Mwezi huo huo mizani nayo ilisusa,
na kwenye harusi ya binti wa Mwanahawa
pilau ilinishinda kijiko cha nne;
nikamaliza sherehe chooni, jasho likinitoka,
nje wakiimba, nami nikililia sahani
niliyokuwa naimaliza bila hata kuiona.

Sasa niiseme ile ya tano.
Miaka sita nimeswali juu ya kiti,
safu ya nyuma, pamoja na mabibi,
nikiinamisha kichwa hewani, nikisema itatosha.
Oktoba, alfajiri, Tunu amelala,
nilitandika mswala, nikakisogeza kiti ukutani.
Goti. Goti la pili. Viganja.
Halafu paji la uso likagusa.

Kulikuwa na vumbi huko, na udi wa zamani,
na chembe ya biskuti ya mtoto wangu.
Nilikaa chini kuliko inavyotakiwa.
Kusujudu si kazi; kazi ni kuinuka.
Niliinuka kwa mkono wangu sakafuni,
polepole, mfupa ukilia,
kiti kikinitazama tu.

Novemba Bi Kowalchuk ananiuliza, mangapi?
Nahesabu. Kamba. Vituo viwili, isipokuwa siku za barafu.
Miguu inapishana, ingawa wa kushoto bado unalalamika.
Ngazi, sijui; kileleni sijakuona.
Ya tano simwambii.
Nabandika karatasi mpya, naanzia na nne.
Jioni nakuta wino wa zambarau pembeni: na mimi.

Kiti nimekirudisha mezani.
Tunu anakikalia, anakula wali, miguu yake inaning'inia.