Nyumba ya Upepo

Mwezi wa nne nilimwaga chupa arobaini na moja
nyuma ya choo, kwenye shimo la migomba.
Mtama uliochemshwa ukaiva, ukapozwa,
ukapandwa mbegu ya uyoga kwa mkono na dua,
na bado siku ya tisa ukavaa kijani,
kijani cha ukungu, kisichobisha hodi.
Muhonja akanusa moja, akakunja pua:
"Shangazi, huyu amekuja na nani?"

Amekuja na hewa, mwanangu.
Hewa ya Khayega ina watu wengi:
vumbi la barabara ya Kisumu, unga wa kinu cha posho,
manyoya ya kuku wa jirani, pumzi yangu mwenyewe.
Ukifungua kifuniko wote huingia,
kama wageni wa matanga
wasiomjua marehemu ila wanaijua sufuria.

Basi nikaenda kwa Shivachi, fundi wa majeneza,
kuomba msumeno, bisibisi, na plaiwudi ya kukata.
Nikamtajia vipimo: sitini na tano kwa sitini na tano,
kina cha mkono mmoja.
Akavua kofia.
"Mtoto?"
Nikasema hapana, ni nyumba ya upepo.
Akairudisha kofia kichwani, akatazama barabara,
akapunguza bei.

Chujio lilitoka Nairobi kwa basi la usiku,
katoni ndani ya katoni, limejaa mikunjo myeupe
kama kitabu ambacho hakuna aliyekifungua.
Usiliguse kwa kidole, walionya.
Tundu la sindano tu, na ndama wako amekwenda.
(Ndiyo, nilimuuza ndama. Mama hajanisamehe.
Hata sasa, feni ikinguruma, humwita kwa jina.)

Feni yenyewe, ile ya umbo la konokono,
niliichimbua kwa wauza vyuma chakavu, Amalemba,
ina kutu shingoni lakini moyo mzima.

Mkono wangu haukusomea useremala.
Pembe ya kwanza ilikataa kuwa pembe.
Skrubu mbili zilizama kwenye nyasi,
Muhonja akazisaka kwa tochi ya simu huku akiimba.
Nikapaka silikoni kwenye kila ufa,
kisha kila mahali nilipodhani pana ufa,
kisha hata pale pasipokuwa nao,
maana woga nao ni fundi.

Stima ilirudi saa tatu usiku.
Tukawasha feni, tukawasha mshumaa, tukanyamaza.
Mwali ukacheza. Kushoto, chini, ukanikonyeza:
palikuwa na tundu pembeni, jembamba kama ukucha.
Nikaziba. Nikangoja silikoni ikauke kutwa nzima,
mimi nisiyeweza kungoja chai ipoe.

Usiku wa pili mwali uliinama
ukabaki umeinama,
hautikisiki, hauulizi,
kama mtu anayesikiliza habari ya mbali.
Upepo ulitoka mnyoofu, mpole,
shuka linalotandazwa na wawili wasiogombana.
Sikujua kuwa nilikuwa nimeizuia pumzi
tangu mwezi wa nne.

Kesho yake Shivachi alikuja kuchukua msumeno wake.
Akaomba aone nyumba.
Nilikuwa nimeshapangusa ubao kwa spiriti,
chupa kumi zimejipanga, wembe umepita motoni.
Akainama, akaingiza uso wote
kati ya chujio na chupa,
uso wa miaka thelathini ya vumbi la mbao,
wenye kikohozi kinachojulikana soko zima,
akafumba macho, akavuta.
Akavuta tena.
Hakukohoa.

Muhonja alifungua mdomo kumwambia anachafua.
Nikamshika bega.
Spiriti ipo, tutapangusa upya.
Mtama, umengoja tangu asubuhi;
ngoja kidogo.