Meza ya Nne

Ukumbi wa shule, Makorora. Feni moja inagugumia.
Meza ya kwanza Mhina kashinda, yuko nje anakula muhogo.
Ya pili tumelala. Ya tatu, sare.
Imebaki yangu,
mimi niliyeitwa jana usiku
kwa sababu Semkiwa ana tetekuwanga.

Binti wa Pongwe ananinong'oneza:
"Tugawane?"
Nageuka. Wenzangu wamejipanga ukutani,
kanuni haiwaruhusu hata kukohoa.
Mhina amerudi. Muhogo umesimama shavuni.

Farasi wangu mweusi kavunjika sikio,
likagandishwa kwa nta ya mshumaa.
Ukimgusa, lazima umchezeshe:
ndivyo mwalimu Nasoro alivyotuimbia muhula mzima.

Saa yangu inakula dakika ya mwisho.
Sijajua aende wapi.

Nimemgusa.