Hesabu ya Bondeni

Mto ulikula kingo zake usiku wa Jumanne.
Asubuhi, bondeni nyuma ya Piki, hapakuwa na mipaka:
jaruba la Tufaha na jaruba langu
yamekuwa maji mamoja, rangi ya chai ya maziwa.
Mpunga wa wiki sita umezama hadi shingoni.
Dungu peke yake limesimama,
kama mtu aliyekunja suruali
akasahau alikokuwa akienda.

Nikapanda. Sikuwa na cha kuamia;
mpunga haujatunga, minana hawajaja.
Lakini kombeo la mama liko kiunoni
na mkono wa mwamia ndege haujui likizo.

Kwanza nilidhani tope linatembea.
Kisha tope likageuka, likaonesha tumbo jeupe:
vitwitwi,
wakidonoa, wakikimbia, wakidonoa,
kama mafundi cherehani walioletewa nguo za mtaa mzima
na mwezi unaandama kesho.
Kando yao sululu, mdomo kama shazia iliyopinda,
akiuzamisha hadi machoni,
akitoa mnyoo, akimeza bila bismillahi,
au pengine alisema, sikusikia.

Jiwe lilikuwa tayari.
Mama angelirusha. Kwa mama, kila chenye bawa ni mwizi.
Nilitazama midomo: hakuna aliyegusa jani la mpunga.
Nikalitia jiwe mfukoni.
Likanilemea kutwa.

Mize, mtoto wa kaka yangu, akaja na chupa ya chai,
sketi kaifunga kiunoni, maji ya magoti.
"Wenda wapi hawa?"
Kaskazini. Mwalimu Zume kasema
huko wanakotaga jua halizami.
"Sasa wakifunga, wafuturu saa ngapi?"
Miye sikuwa na jibu.
"Na yule ana pete. Kaolewa?"

Kweli, mmoja alikuwa na pete ya njano mguuni.
Kuna mtu, mahali fulani, alimshika,
akamvisha, akafungua vidole.
Niliviwaza vidole vile
kuliko pete.

Tukahesabu, Mize kulia, miye kushoto,
nyuma ya daftari la deni la mbolea.
Tulipofika sitini wakaruka wote,
wakapinda hewani kama shuka linalokung'utwa,
weusi, weupe, weusi,
wakatua palepale, na hesabu yetu ikafa.
Tukaanza moja.

Alhamisi akaja bwana shamba,
viatu vya mpira, fomu ndani ya mfuko wa nailoni.
Akasimama penye tuta:
"Bi Raya, una nini humo ndani?"
Alikusudia hasara.
Nikajibu kabla sijafikiri:
"Vitwitwi mia na arobaini na mbili, sululu tisa.
Mmoja ana pete."
Kalamu yake ikabaki hewani.
Fomu haikuwa na mstari wa hayo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilikatika.
Nikasikia sauti juu ya bati, nyembamba, nyingi,
zikiitana kwa zamu
kama watu wanaovuka gizani wasipoteane.
Sikutoka.

Asubuhi maji yameshuka kiganja kimoja.
Ncha za mpunga zimechomoza, za njano, si zote.
Na kwenye tope nyayo,
vidole vitatu, vidole vitatu,
hadi ukingoni,
kisha hamna.

Nikalitoa jiwe mfukoni,
nikaliweka juu ya dungu, pembeni.
Minana watakuja mwezi wa sita.