Siku ya Kumi na Moja

Kwa unyoya wa kuku niliouchonga
nilihamisha mabuu ya siku moja, moja moja,
membamba kama koma iliyokosa sentensi.
Vikombe vya nta kumi na vinane.
Mzinga usio na malkia ulikuwa ukinguruma
kama soko la Kadutu siku bei inapopanda.

Nikaandika ukutani kwa kaa: siku ya kumi, uwatenge.

Siku ya kumi risasi zililia Bagira.
Barabara ikafungwa. Nililala kwa shemeji,
nikihesabu vichwa nisivyoviona.

Asubuhi nilipofunua
mmoja alikuwa ametoka, mrefu, bado na unyevu,
anatembea juu ya sega kama mwenye nyumba.
Vile kumi na saba vimetobolewa ubavuni.

M'Namwezi alikuwa amelipia sita.
Nimrudishie nini? Pesa ilishakuwa karo ya Asifiwe.

Nilikaa juu ya ndoo. Sikumlaumu.
Yeye hakusoma ukuta wangu.
Alisikia tu dada zake wakilia ndani ya nta,
akawafuata.

Nimechonga unyoya mwingine.
Mkono unatetemeka kidogo;
buu la kwanza nimelidondosha.