Matao Matatu

Picha ilifika kabla ya kengele:
daraja letu la Põltsamaa limekatwa na barafu.
Darasa zima likaituma mbele,
vidole vikiyatangulia macho.
Mimi pia. Nilimtumia bibi,
akaanza kumlilia babu aliyekuwa njiani.

Urve peke yake hakubonyeza kitu.
Alihesabu matao: manne.
"Letu lina matatu," akasema,
akafuta ukungu dirishani kwa kiko cha sweta.

Lilikuwepo pale, zima,
na tarishi akilivuka
bila haraka.

Siku ile Mwalimu Kaljuste hakutufundisha nywila
wala kuunda programu.
Alituacha kimya, kila mmoja na simu yake,
tukitafuta maneno ya ujumbe mfupi,
mgumu:

Bibi, nilikosea.
Babu anakuja.