Mshika Saa

Mimi si mkimbiaji. Mimi nashika saa.
Miaka ishirini na miwili, Jumapili ya pili ya Agosti,
nasimama pale Mkanaledi, kamba shingoni,
kidole gumba juu ya kitufe,
na Dismas Nachunga anakuja wa kwanza.

Leo ana miaka hamsini kasoro mmoja.
Soli ya kiatu cha kushoto ameishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu.
Magoti ameyapaka mafuta ya nazi na tangawizi
hata vijana wa kambi wakaziba pua:
"Babu, leo unapikwa?"
Hakujibu. Akaenda nyuma ya kioski kukojoa, akarudi,
akasimama mstari wa mwisho
kama mtu aliyekuja kusindikiza.

Bunduki hatuna. Tuna filimbi ya shule.

Yaliyotokea huko nasimuliwa na wa bodaboda:
kwamba hadi Mikindani vijana watatu walikuwa mbele,
wanaikanyaga lami kama wanaidai,
na yeye nyuma, mita mia mbili, akihesabu.
Huwa anahesabu. Kwa Kimakonde, mpaka tano, anaanza upya.
Kwamba kwenye kilima cha kurudia,
pale malori ya korosho hubadili gia yakilia,
mmoja alishika kiuno,
mwingine akaomba maji,
wa tatu akageuka kutazama,
na anayegeuka nyuma mlimani
ameshajijibu.

Utepe ukamkaa kifuani.
Vigelegele. Mkewe Adelina hakupiga;
alikuwa akiutazama mguu wa kulia, jinsi unavyotua.

Zawadi ni bati kumi, geji ishirini na nane.
Nyumba yake ya Chikongola imeezekwa kwa ushindi:
za bluu juu ya sebule,
nyekundu za mwaka ule barabara ilipokatika kwa mvua,
na zile nyeupe, zilizoanza kutu, juu ya chumba cha marehemu mama.
Mvua ikinyesha, anasema, kila mbio inalia kwa sauti yake.

Lakini daftari ninalo mimi.
La hesabu, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Mwaka aliporudi Harare na jezi ya taifa:
saa moja na dakika nne.
Kisha tano. Kisha saba. Saba tena,
mwaka huo nilifurahi kama nimekimbia mimi.
Tisa. Mwaka jana kumi na moja, na sekunde ishirini na tisa.
Safu ya nafasi: kwanza, kwanza, kwanza.
Safu moja haisogei,
nyingine inapanda kama mchwa ukutani.

Mkuu wa wilaya huuliza jina. Redio huuliza umri.
Yeye peke yake, kabla ya maji, kabla ya picha,
huja kunyoosha mkono aione saa.

Leo aliishika. Akaisogeza mbali, akaileta karibu,
akaipeleka tena mbali hadi mkono ukaisha.
Macho yamembakizia barabara tu.

"Nisomee, mwalimu."

Ningeweza kumpa dakika mbili.
Nani angejua? Ningezitoa mfukoni kama pipi.
Lakini maisha yangu yote ya chaki
sijamwongezea mtoto alama hata moja,
na huyu hakuwahi kuniomba njia ya mkato.
"Saa moja," nikasema, "dakika kumi na tatu, sekunde arobaini."

Midomo yake ikahesabu.
Mtaroni kijana wa pili alikuwa anatapika,
Adelina akimshikia kichwa.

"Zimeongezeka mbili," akasema.
"Na sekunde kumi na moja."
Akacheka, jasho likimdondoka puani:
"Hizo sekunde ni za kusimama nyuma.
Mwakani nasimama mbele."

Za dakika hakuzisema. Na mimi sikuuliza.
Akaenda kuhesabu bati zake,
kwa kuzigusa ukingoni, moja moja,
mpaka tano,
akaanza upya.